Mwanamise

Shoga, jina langu lina ze.
Mwanamize: bibi yangu wa Kuze ndiye aliyenipa,
na cheti chasema hivyo, na kadi ya kura, na daftari la chama.
Kuna mahali pamoja tu duniani ambapo mimi ni Mwanamise:
zahanati ile ya Mwembe Tayari, ghorofa ya pili, juu ya muuza magodoro,
ambapo karani, feni ikimpeperushia karatasi,
aliandika alivyosikia,
nami nikaona haya kumsahihisha.

Basi Jumanne nachuja tui, simu yalia.
Sauti ya kijana, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri.
"Mama Mwanamise? Bado unameza vile vya huzuni?"

Tui likapita kando ya chujio.

Miaka sita nyumbani naviita vya presha.
Nilivianza tulipomzika Nabhani, hajatimiza arubaini,
navificha ndani ya kopo la iliki,
na Shekue hajapata kuuliza mbona presha yangu haipimwi.
Alijua daktari peke yake. Daktari, na karani, na ile mashine.
Siri ya mtungi aijuaye kata, wasema;
hawakusema itakuwaje kata ikiazimwa nyumba hata nyumba.

Alitaka elfu nane. La sivyo, "mzee atapata habari."
Sikumtumia, wala sikumtukana
(na matusi ninayo, ya Kibokoni, yaliyokomaa).
Nikaandika nyuma ya bili ya stima
nambari yake, saa, kila neno.
Na lile jina. Hasa lile jina.

Kesho yake nikapanda ngazi.
Msimamizi akanipa kiti, akanipa soda,
akasema mfumo "ulipata hitilafu kidogo".
Hitilafu haijui kupiga simu, nikamwambia.
Mwizi aliingia lini? Changu alichukua nini,
nambari tu, au na maneno ya daktari?
Na mimi mlingoja nini kuniambia?
Akaitazama kalenda ukutani kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.
Walijua tangu Mfungo Sita, shoga. Leo Rajabu.
Nikataka yote hayo kwa maandishi, na muhuri.
Soda ikapoteza baridi. Nikatoa kofia niliyokuwa nikiishona,
nikashona mpaka adhuhuri,
ndipo barua ikatoka, ingali na joto la mashine.
Karani akataka kunitengenezea jina.
Nikamwambia liache vivyo hivyo.

Nakwambia kwa kuwa wewe nawe ulijifungulia pale.
Neno la siri la simu utalibadili jioni moja;
damu yako huibadili, wala tarehe ya mimba iliyotoka.
Atakayekupigia akiutaja ugonjwa wako, usimwite daktari:
kuujua si udaktari tena.
Na karatasi ya bima isome, usifungie maandazi.
Mimi nimekuta nilipigwa picha ya goti, Mikindani,
siku ile ile niliyocheza harusi ya Mwanakheri mpaka viatu vikakatika.

Usiku ule nilikaribia kuvimwaga chooni, vidonge vyote,
nisirudi kwa daktari yeyote, nisimwambie mtu tena linaloniuma.
Hapo ndipo angekuwa ameniibia kweli.

Badala yake nikaliweka kopo la iliki mbele ya Shekue
nikalifungua.
Akatazama muda.
Akasema, "Nilidhani ni mimi tu ninayemhesabia miaka."

Kijana alipiga tena Ijumaa, baada ya sala.
Nilikuwa na unga mikononi; Shekue ndiye aliyepokea.
"Mwanamise?" akasema. "Hapa hajapata kuwako mtu huyo."
Akaiweka simu kifudifudi,
akaniuliza kama vya leo nimeshameza.